Moshi wa Julai na Moshi wa Aprili: Mwongozo kwa Anayehamia Bukoba na Muleba

Ukipata barua ya uhamisho kwenda Bukoba au Muleba mkoani Kagera, utaelezwa habari za mvua, ndizi, senene na ziwa. Moshi hautatajwa. Wenyeji wameuzoea tangu utotoni, na wageni waliotangulia huondoka wakidhani kile kikohozi chao kilikuwa mafua ya kawaida. Maneno haya ni kwa yeyote anayekuja kuishi na si kutembea tu: mwalimu kutoka Tanga, muuguzi kutoka Kisumu, padri kutoka Kongo, mhandisi wa mradi kutoka ng'ambo, au kijana wa Kihaya aliyezaliwa Ulaya anayerudi kujenga kwao. Ninawafikiria zaidi wenye pumu, wajawazito, na wanaokuja na mtoto mchanga au mzazi mzee.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: moto unaouona mlimani usiku unatisha macho, lakini mara nyingi sio unaokuumiza kifua. Kinachokuumiza ni moto ulio hatua chache kutoka puani mwako, iwe jikoni kwako, kwenye korido ya nyumba ya kupanga, au kwenye shimo la taka la jirani. Anza na huo, kisha ndiyo uhangaike na milima.

Kwanza ijue kalenda. Kiangazi kirefu, ambacho Wahaya, wenyeji wa huku, hukiita kyanda, kinaanza Juni na kuendelea hadi Agosti, na mara nyingine kinagusa Septemba. Huo ndio msimu wa moto wa nje. Nyasi za rweya, yaani maeneo ya wazi yaliyo katikati ya kijiji na kijiji, zinakauka na kuchomwa. Mafundi wa matofali wanawasha matanuru kwa sababu matofali mabichi yamepata jua la kutosha. Barabara za changarawe zinazoacha lami na kupanda vilimani zinatoa vumbi jekundu kila gari linapopita. Kadiri unavyoliacha ziwa na kuelekea magharibi na kusini mwa Muleba mvua inapungua, nchi inakuwa ya malisho, na moto unazidi. Kiangazi kifupi cha Januari na Februari kina mambo hayohayo kwa kiasi kidogo.

Mvua zikianza, mgeni anashusha pumzi na kusema moshi umekwisha. Hapo ndipo anapokosea. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko yote Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kilele chake ni Machi hadi Mei. Anga inaoshwa, milima inang'aa, lakini kuni zimelowa. Mama anayepikia nje wakati wa kiangazi anahamia ndani, anafunga dirisha la jiko ili mvua isiingie, na kuni mbichi zinatoa moshi mzito ambao hauna pa kutokea. Kwa hiyo Julai macho yanaona moshi mwingi, na Aprili mapafu yanapokea moshi mwingi. Ukijiandaa kwa Julai peke yake umejiandaa nusu.

Novemba na Desemba kuna senene, panzi wanaoliwa. Kwenye vilima utaona taa kali, mabati yaliyosimamishwa na jenereta zinazonguruma usiku kucha, na baadhi ya wategaji huchoma majani mabichi ili moshi uwalegeze wadudu waanguke. Ni kazi halali na ni furaha ya mkoa mzima. Wewe usipange chumba kinachopakana na mtego kama una pumu, na ukialikwa nenda, lakini simama upande ambao upepo unatokea.

Kuna jambo moja la kukuondolea hofu. Ukiona nguzo nyeusi zinapanda juu ya ziwa kama moto wa meli, huo si moshi. Ni makundi ya wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa mamilioni, na upepo ukiwaleta ufukweni wanafunika kuta na taa. Funga madirisha, zima taa ya barazani, na asubuhi uwafute kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi la wadudu waliokauka huwasumbua baadhi ya wenye mzio.

Baada ya kalenda, ujue upepo. Bukoba imekaa kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Victoria, na nyuma yake kuna ukingo wa vilima. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hivyo hewa inavuma kutoka ziwani kuingia bara. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, hewa nzito ya baridi inashuka kutoka vilimani kuelekea majini, na inabeba moshi wa kila jiko lililo njiani. Mabondeni moshi huo unakaa kama umetandikwa mpaka jua lipande. Kwa hiyo ratiba ya madirisha ni rahisi. Fungua kuanzia kama saa 4 asubuhi upepo wa ziwani unapoanza, acha wazi mchana kutwa, na funga saa 12 jioni majiko yanapowashwa. Ukipenda kukimbia au kutembea kwa afya, usiende alfajiri kama ulivyozoea kwenu. Nenda saa 10 alasiri.

Hilo linatupeleka kwenye nyumba. Dalali atakuonyesha nyumba saa 6 mchana, saa ambayo kila nyumba Bukoba ina hewa safi. Mshukuru, kisha rudi mwenyewe saa 12 jioni, na ikiwezekana tena saa 12 asubuhi. Simama uwanjani, vuta pumzi, angalia. Wapangaji wanapikia wapi, kwenye korido au uani? Jiko la kuni la jirani liko upande gani wa dirisha la chumba cha kulala? Kuna mgahawa unaochemsha maharage kwa kuni kuanzia saa 10 usiku? Kuna banda la kukaanga au kubanika samaki? Karibu na mialo kama Nyamkazi, na visiwani kama Bumbire na Goziba kwa wale wanaopangiwa kazi huko Muleba, sangara hubanikwa juu ya chanja kwa saa nyingi, na moshi huo ni mzito kuliko wa nyumba kumi. Angalia pia kuta za nje: masizi meusi juu ya dirisha yanakueleza ukweli ambao dalali hausemi. Kati ya nyumba nzuri bondeni na nyumba ya kawaida iliyo juu kidogo kwenye mteremko unaotazama ziwa, mimi ningechukua ya pili bila kusita.

Sasa jikoni, na hapa nitakaa kwa muda.

Chembe zinazodhuru zaidi katika moshi ni zile ndogo za maikromita 2.5 kushuka chini. Huzioni, huzihisi, na zinafika ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha siku nzima hadi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kilichofungwa huvuka kiwango hicho kwa mara nyingi, si kidogo tu. Shirika hilohilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Mkaa nao una hila yake. Hautoi moshi mwingi, ndiyo maana watu wanauamini. Lakini unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kamachumu na vilima vingine vya Muleba vina baridi usiku wa Juni na Julai, na mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa anashawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto, kisha anafunga mlango na kulala. Watu wanakufa hivyo, familia nzima kwa usiku mmoja. Usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala kwa sababu yoyote ile, hata kama makaa yanaonekana yamebaki majivu. Nunua blanketi la pili. Na kama kuna siku wote ndani ya nyumba mmeumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja karibu na jiko, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Ukiweza, pikia gesi au umeme. Mitungi midogo ya kilo 6 na ile ya kilo 15 inapatikana Bukoba mjini na Muleba mjini, lakini kabla hujachagua mtungi uliza duka la karibu na unapoishi linabadilisha wa kampuni gani, usije ukabeba mtungi mtupu kwenye bodaboda kilomita nyingi. Mpira na kichwa cha mtungi vikaguliwe kwa maji ya sabuni: yakitoa mapovu, gesi inavuja. Sufuria ya presha ya umeme inafaa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa maharage, ambayo ndiyo yanayokula kuni za nyumba nzima. Yakilowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi na umeme kidogo. Umeme ukikatika una gesi, gesi ikiisha una umeme. Kuwa na njia mbili ndiyo namna pekee ya kutorudi kwenye kuni kila wiki.

Serikali nayo imeelekea huko. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Ukifanya kazi shuleni, seminari au hospitali inayolisha watu wengi, uliza jiko la taasisi yenu limefika wapi. Wapishi wa shule husimama kwenye moshi kwa saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote mahali hapo.

Lazima nikuambie pia kwamba gesi si muujiza. Ng'ambo ya mto Kagera, wilaya ya Kayonza nchini Rwanda ilikuwa moja ya sehemu za utafiti mkubwa uliowapa majiko ya gesi wajawazito wapatao 1,600 na kuwalinganisha na idadi kama hiyo walioendelea na kuni, katika nchi nne: Rwanda, Guatemala, India na Peru. Moshi waliouvuta wale wa gesi ulipungua kwa takriban theluthi mbili, upungufu mkubwa kweli. Lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana, wala nimonia kali haikupungua kama ilivyotarajiwa. Sisomi matokeo hayo kama sababu ya kurudi kwenye mafiga. Ninayasoma hivi: nunua gesi kwa ajili ya macho yako, kifua chako na muda wako, ila usidhani mtungi peke yake umemkinga mtoto. Chanjo, unyonyeshaji na kuwahi zahanati bado ni kazi yako.

Kama kuni haziepukiki, kuna mambo yanayosaidia bila gharama kubwa. Nunua kuni za kiangazi Agosti, zipange chini ya paa, na uzitumie Aprili. Zipasue ndogo. Usiwashe mkaa kwa plastiki, ingawa ni haraka. Washa jiko la mkaa nje, subiri makaa yawe mekundu yote, ndiyo uliingize jikoni. Jiko liwe na matundu mawili yanayotazamana juu ya ukuta, karibu na paa, ili hewa ipite; tundu moja halitoshi. Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika.

Na kama umemwajiri dada wa kazi, fahamu kwamba ukihamishia jiko uani ili sebule yako isinuke, moshi haujaondoka. Umempa yeye. Mapafu yake ni dhamana yako sawasawa na mshahara wake. Mwekee gesi naye atumie, usiifungie kwa ajili ya chai ya wageni.

Baada ya jikoni kwako, jirani. Hapa wageni huharibu mambo kwa haraka ya kusema ukweli. Mtu aliyeishi mahali pale miaka 40 hawezi kupokea somo la mazingira kutoka kwa mpangaji wa wiki mbili. Anza na salamu, na usikimbie salamu. Huku Buhaya salamu ni kazi, si utangulizi. Mwite mama wa jirani kwa Ma na jina lake, mzee kwa Ta na jina lake, sema waitu, neno la heshima. Usianze na kosa lake, anza na shida yako: "Shikamoo Ma. Mwanangu ana pumu, usiku kifua kinambana. Nilikuwa naomba, tukiwa na taka za kuchoma tuchome mchana, upepo ukiwa unakwenda kule bondeni." Ombi la kubadilisha saa hukubaliwa upesi kuliko ombi la kuacha kabisa. Ukiongeza kwamba utachangia gari la taka, au kwamba taka zenu za plastiki mtazikusanya pamoja, umempa njia ya kukubali bila kuaibika.

Angalia pia namna kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kinavyotunzwa, utajifunza. Mkulima wa Kihaya hachomi majani ya mgomba. Anayarudisha chini ya shina, pamoja na nyasi zilizokatwa rweya, ili udongo ubaki na unyevu. Kwa hiyo hata wewe mwenye migomba mitano nyuma ya nyumba, maganda na majani yaende shambani, na moto ubaki bila kazi. Rweya nako, usihukumu kabla hujauliza. Wapo wanaochoma ili ng'ombe wapate majani mapya, wapo akina mama wanaotayarisha shamba la njugumawe, na wapo waliozembea tu. Uchomaji wa ovyo unakatazwa na sheria, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inauzungumzia. Ukiona moto unaelekea kwenye nyumba au shamba la miti, mpigie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kwanza, kwa sababu wao ndio wanaoweza kukusanya watu na matawi mabichi kabla gari lolote halijafika. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Barakoa za kitambaa zinazuia vumbi la barabarani, si moshi. Inayofaa ni N95 au FFP2 iliyokaa sawasawa usoni, na ndevu zinaharibu kazi yake. Beba chache kutoka mji mkubwa. Ramani za moto za satelaiti za NASA ni bure mtandaoni, zitakuonyesha kama moshi unaouona unatoka Karagwe au mbali zaidi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutoa takwimu za hewa za Kampala na miji mingine ya Afrika, lakini takwimu za Kampala haziwezi kukueleza hewa ya Rwamishenye hapa Bukoba. Kipima hewa kidogo cha mkononi kitakusaidia zaidi. Kiweke jikoni saa ya kupika, kisha chumbani usiku, na namba zitamshawishi mwenye nyumba kutoboa tundu la pili ukutani kuliko maneno yako.

Kuna moshi mmoja wa hiari ambao wageni wengi wanajiletea: dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba duara moja likiungua lote hutoa chembe ndogo sawa na sigara 75 hadi 137. Malaria ya Kagera si ya kuchezea, hilo ni kweli. Lakini jibu ni chandarua, na Muleba ina heshima ya pekee katika jambo hilo: ni katika vijiji vya wilaya hiyo ndiko kulikofanyika majaribio ya vyandarua vyenye kiambato cha PBO, vinavyowamudu mbu waliozoea dawa za kawaida, na matokeo yake yalichangia Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza. Tundika chandarua hicho, weka wavu madirishani, na duara uliache dukani.

Mwenye pumu asifike Kagera na inhela moja. Chukua za miezi 3 au zaidi, ya kutuliza na ya kuzuia, na ile ya kuzuia uanze kuitumia kabla ya Juni kama daktari alivyokuandikia, sio baada ya kubanwa. Ukikosa chombo cha kuvutia dawa kwa mtoto, chupa ya plastiki ya nusu lita inatosha: toboa kitako chake tundu linalolingana na mdomo wa inhela, ziba pembeni hewa isivuje, mtoto aweke mdomo upande wa pili na apumue mara tano au sita baada ya kila mpulizo. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya namna hiyo inafanya kazi vizuri kama chombo cha dukani.

Jua mapema hospitali iliyo karibu nawe. Bukoba kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Muleba kuna Rubya, Kagondo na Ndolage, na ukiishi kisiwani jua mtumbwi wa dharura ni wa nani na unaondoka wapi. Usisubiri asubuhi kama mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, mbavu za mtoto zinaingia ndani anapopumua, au midomo imebadilika rangi.

Mwisho, moshi usiwe jina la kila ugonjwa. Moshi hauleti homa. Ukikohoa na kuwa na homa, kapime malaria na kifua, na katika mkoa uliopata mlipuko wa virusi vya Marburg Machi 2023 Bukoba Vijijini, na tena Biharamulo Januari 2025, usijifiche nyumbani na homa kali. Kikohozi kikifika wiki mbili, hata kama ni Julai na kila mtu mtaani anakohoa, peleka makohozi yakapimwe kifua kikuu. Kipimo hicho ni bure, na dawa zake pia ni bure.